Reli moja, treni mbili: kufuli ndani ya draiva

Ukitoka Njombe kwenda Makambako, mwendo wa kama kilomita 60, unakuta stesheni ya TAZARA. Reli ile ni ya njia moja. Treni ya kutoka Dar na ya kutoka Mbeya haziwezi kuingia pamoja kwenye kipande kimoja kati ya stesheni mbili. Lazima moja isubiri stesheni. Draiva za kompyuta yako, yaani programu zinazoongoza vifaa kama kadi ya mtandao, nazo zina vipande vya namna hiyo. Vinaitwa sehemu nyeti.

Tuseme draiva inahesabu pakiti zilizoingia, na hesabu iko 41. Kuongeza moja kunaonekana ni hatua moja, kumbe prosesa inafanya tatu: inasoma, inajumlisha, inaandika. Viini viwili vya prosesa vikisoma 41 kwa pamoja, vyote vitaandika 42. Pakiti moja imeyeyuka. Sasa fikiria kilichoharibika si hesabu bali anwani ya kumbukumbu. Draiva inafanya kazi ndani ya kerneli, kwa hiyo ikikosea mashine nzima inaanguka nayo.

Dawa ni kufuli. Kuna muteksi, ambapo anayekuta pamefungwa analala mpaka aamshwe. Na kuna spinloku, ambapo anazunguka palepale akiuliza: tayari? tayari?

Hapa ndipo wengi tunajikwaa. Kifaa kikiwa na habari hakipigi hodi, kinaikatiza prosesa katikati ya kazi. Hiyo ndiyo interapti. Tuseme kazi ya kawaida imeshika spinloku, mara interapti inaingia kwenye kiini kilekile, nayo inataka kufuli lilelile. Inazunguka kusubiri liachiwe. Lakini aliyelishika amekatizwa, hawezi kuendelea mpaka interapti iishe. Kwisha habari! Skrini imeganda, huoni hata ujumbe wa kosa. Na muteksi haikuokoi, maana interapti hairuhusiwi kulala.

Ndiyo maana kwenye Linux kuna spin_lock_irqsave: inazima kwanza interapti kwenye kiini hicho, kisha inafunga. Ukimaliza, spin_unlock_irqrestore inarudisha hali kama ilivyokuwa. Fanya haraka humo ndani, kifaa kinasubiri.

Linux 2.0 ya mwaka 1996 ilikuwa na kufuli moja kubwa la kerneli nzima. Ni sawa na kufunga TAZARA yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ili treni moja ipite Makambako. Salama, lakini foleni yake! Lilipunguzwa kidogo kidogo, likaondoka kabisa mwaka 2011 kwenye toleo 2.6.39.

Kama unaandika draiva yako ya kwanza, washa PROVE_LOCKING unapojenga kerneli ya majaribio. Hitilafu ya kufuli na interapti inaweza kujificha miezi, ila chombo hiki kinafuatilia kila kufuli limeshikwa wapi, na kinapiga kelele hata kabla mashine haijaganda.