Sultan Han: Nyumba ya mawe iliyowalaza wasafiri bila malipo

MSAFIRI atokaye Konya kuelekea Aksaray, katikati mwa Uturuki, hukutana na boma kubwa la mawe kando ya barabara. Asiyelijua hudhani ni ngome ya wanajeshi. Kumbe ni nyumba ya wageni, iliyojengwa mwaka wa 1229 kwa amri ya Sultani Alaeddin Keykubad wa Kwanza, mtawala wa Waseljuki.

Enzi hizo njia hiyo ilipitiwa na misafara ya ngamia. Ngamia mwenye mzigo huenda yapata kilomita 30 hadi 40 kwa siku, na nyumba hizi, ziitwazo han, zilijengwa kwa kufuata mwendo huo. Aliyelazimika kulala nyikani alikuwa windo la majambazi.

Hofu hiyo ndiyo iliyolipa jengo umbo lake. Kuta ni nene, zimeimarishwa kwa minara, na lango ni moja tu, lililofungwa usiku. Lango lenyewe ni la marumaru, lenye kimo cha mita 13 hivi, na juu yake mawe yamechongwa mfano wa sega la nyuki. Ndani mna ua mpana, wenye vyumba upande mmoja na matao yaliyo wazi upande wa pili. Katikati, msikiti mdogo umeinuliwa juu ya matao manne. Nyuma ya ua mna ukumbi wa nguzo nene na kuba, ambamo watu na wanyama walijikinga na baridi kali.

La ajabu zaidi ni kwamba mgeni alihudumiwa hadi siku tatu bila kutozwa chochote. Gharama zilitokana na mali ya wakfu. Hati ya wakfu ya Karatay Han, iliyo karibu na Kayseri, iliagiza wageni wote wapewe chakula sawa, wawe Waislamu au la, huru au watumwa, wanaume kwa wanawake.

Hata hivyo, huo haukuwa ukarimu mtupu. Mfanyabiashara aliyefika salama alilipa ushuru, nayo hazina ya sultani ikanona.

Wamongolia waliwashinda Waseljuki mwaka wa 1243, lakini Sultan Han ilikarabatiwa mwaka wa 1278 baada ya kuteketea. Karne zilizofuata, biashara ilipohamia baharini, misafara ilipungua na han nyingi zikageuka magofu. Sultan Han ingali imesimama, na mji wa Sultanhanı uliokua kandokando yake unasifika kwa mafundi wa kukarabati mazulia makuukuu.