Mtoto Anapotaka Kusoma Sayansi ya Ukokotoaji: Wazazi Tuulize Nini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, akina mama wengi tunajikuta na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa mtoto amefaulu. Hofu, kwa kuwa hatujui tumpeleke wapi na kwa fedha gani. Hofu huzidi pale anapotamka somo ambalo wengi wetu hatukulisikia shuleni: sayansi ya ukokotoaji. Baadhi yetu hudhani ni kujifunza kuchapa barua. Wengine hukimbilia chuo chenye tangazo kubwa na ada kubwa, wakiamini kwamba kizuri lazima kiwe ghali. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini kabla ya kuuza kiwanja.

Somo hili ni nini?

Ni kuchukua tatizo la kweli, kama mafuriko, ukame au ugonjwa, kuliandika kwa lugha ya hisabati, kisha kuiagiza kompyuta ikokotoe yatakayotokea. Sisi wauguzi tunao mfano wa karibu. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akifanya kazi India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel. Baadaye alifanya hesabu za ugonjwa huo, akaonyesha kwamba si lazima kuua kila mbu. Wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia. Hesabu za namna hiyo leo hufanywa na kompyuta, kwa kutumia takwimu kama zile tunazojaza katika vitabu vya MTUHA zahanati. Mtoto anayesoma somo hili basi anaweza kufanya kazi katika afya, hali ya hewa, kilimo, benki au bima.

Jina la kozi lisitusumbue

Katika shahada ya kwanza, jina hilo halionekani mara nyingi. Tutafute hisabati, takwimu, fizikia, sayansi ya kompyuta au sayansi ya data. Hapa nchini Tanzania masomo ya jamii hiyo hufundishwa katika vyuo vya umma kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Pia kipo Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inafundisha ukokotoaji wenyewe, lakini huko huingia mwenye shahada ya kwanza tayari.

Maswali manne ya ubora

Kwanza, je, chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa? Vyuo vikuu husimamiwa na TCU, na vyuo vya cheti na diploma husimamiwa na NACTVET. TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye orodha ya kozi na sifa za kuingia. Tusiridhike na jina la chuo pekee, maana chuo kinaweza kuwa na kibali na kozi fulani ikawa haina. Tunazijua familia zilizolipa ada ya mwaka mzima ndipo zikagundua hilo.

Pili, hisabati ni kiasi gani? Kozi inayofundisha kutumia kompyuta bila hisabati si hii tunayoizungumzia.

Tatu, wanafunzi huandika programu wenyewe? Waulizwe kama wanatumia Python au R. Lugha hizi mbili hupatikana bure, kwa hiyo hakuna sababu ya chuo kutoza fedha kwa ajili yake.

Nne, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya mradi gani, na nani humsimamia? Mwambieni mtoto awatafute wanafunzi wanaosoma pale sasa, awaulize. Majibu yao yana uzito kuliko tangazo la redioni.

Tuhesabu gharama yote

Ada ni sehemu tu. Kuna chumba, chakula, nauli, bima ya afya, mafunzo kwa vitendo na kompyuta ya mkononi. Kompyuta iliyotumika lakini nzima yatosha kuanzia. Tuandike yote kwa miaka yote ya kozi, baba na mama tukiwa pamoja mezani, ndipo tuamue.

Bodi ya Mikopo hukopesha wanaostahili, na yafaa kujiandaa mapema. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na waliochelewa jambo hili wamehangaika sana. Tukumbuke pia kwamba mkopo ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kwa wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, upo ufadhili wa Serikali ulioanza mwaka 2022 uitwao Samia Skolashipu. Huo haurejeshwi.

Na mtoto ambaye alama zake hazikutosha asikatiwe tamaa. Diploma nzuri humfungulia mlango wa shahada. Njia hiyo ni ndefu, lakini mara nyingi ni nafuu.

Nyumbani kwanza, mbali baadaye

Wazazi wengine hujinyima mno ili mtoto asome shahada ya kwanza ng'ambo. Kwa somo hili, busara ni kuanza katika chuo cha umma cha nyumbani, kisha kutafuta ufadhili wa shahada ya pili. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, ina kituo pia Kigali, Rwanda. Imejulikana kwa kuwafadhili wanafunzi wake wa uzamili masomo, malazi na chakula. Wanachokitazama ni uwezo wa mtoto katika hisabati, wala si utajiri wa nyumba alikotoka.

Na mabinti je?

Bado zipo nyumba ambamo fedha zikiwa chache, wa kiume hupelekwa chuo na wa kike huambiwa asubiri. Akina mama wenzangu, sisi ndio tunaoweza kukomesha hilo. Kalamu na hesabu havichagui mwana. Binti akirudi na alama nzuri za hisabati, tusimwambie kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Tuketi naye, tufungue kitabu cha mwongozo, tumwachie asome sifa za kuingia kwa sauti, nasi tuandike gharama. Kazi hiyo haihitaji mama aliyesoma kompyuta. Yahitaji mama anayeuliza maswali, na asiyetoa fedha mpaka ajibiwe.