Barakoa ya Shilingi Elfu Ishirini

Barakoa si neno geni Pwani. Mabibi wa Unguja na Mombasa walijistiri uso nayo tangu zamani. Mwezi wa Aprili 2020, siku za Korona, serikali ya Kenya ikaifanya lazima kwa kila mtu hadharani. Asiyeivaa, faini isiyozidi shilingi 20,000, ama kifungo kisichozidi miezi sita, ama vyote viwili.

Watu wakateta. Si kwa kinga: aliyepita chuoni aijua hadithi ya Mtume (S.A.W.), penye tauni usiingie, nawe uliye humo usitoke. Waliteta kwa hesabu. Hamali wa kutwa azitoe wapi elfu ishirini? Na adhabu, kusema kweli, ilikwisha itangulia faini: tarehe 27 Machi abiria wa feri ya Likoni walipigwa na polisi na kutupiwa mabomu ya machozi, na saa ya kafyu haijafika.