Legionella pneumophila

Legionella pneumophila ni spishi ya bakteria wanaoishi katika maji matamu. Wakiingia katika mapafu ya binadamu huweza kusababisha nimonia (kichomi) kali inayoitwa ugonjwa wa Legionella.

Historia

Ugonjwa huu ulitambuliwa baada ya mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani, uliofanyika Julai 1976 katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani. Watu 221 waliugua na 34 kati yao walifariki. Mnamo Januari 1977 Joseph McDade na Charles Shepard walimtambua bakteria aliyehusika. Jina la jenasi linatokana na chama hicho. *Pneumophila* maana yake ni "mpenda mapafu".

Biolojia

Bakteria huyu ana umbo la kijiti na ni Gram hasi. Huzaliana vizuri katika maji yenye joto la sentigredi 20 hadi 45, na hufa joto likizidi 60. Hujificha katika utando telezi unaoota ndani ya mabomba na matangi.

Katika maji humezwa na amiba, lakini hameng'enywi. Huingiza protini zake ndani ya amiba, hujitengenezea kifuko salama na kuzaliana humo. Katika mapafu ya binadamu, seli za kinga ziitwazo makrofaji humeza vijidudu kama amiba afanyavyo. Hivyo bakteria hutumia mbinu ileile kuzishinda.

Uambukizaji na tiba

Mtu huambukizwa kwa kuvuta hewa yenye matone madogo sana ya maji, kwa mfano kutoka bomba la manyunyu au mnara wa kupozea maji. Kwa kawaida ugonjwa hauambukizwi kati ya mtu na mtu. Dalili ni homa, kikohozi, maumivu ya misuli, pengine kuhara na kuchanganyikiwa. Huanza baada ya siku 2 hadi 10, hivyo msafiri anaweza kuugua akiwa amesharudi kwao. Walio hatarini zaidi ni wazee, wavutaji wa sigara na wenye kinga dhaifu.

Kwa kuwa bakteria amejificha ndani ya seli, penisilini na amoksilini hazimfikii ipasavyo. Hutumika azithromaisini au levofloksasini. Hakuna chanjo.

Kinga

Katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake, kama vile Mafia, maji ya tangi lililoanikwa juani hupata kwa urahisi joto linalomfaa bakteria huyu. Hatari huongezeka pale maji yanapotuama, kama katika vyumba vya wageni vilivyofungwa kipindi cha masika. Kabla ya kuvifungua tena inafaa kusafisha na kutia klorini matangi, kufunika matangi hayo, kuyaweka kivulini, na kuyaacha maji yatiririke katika kila bomba bila kuvuta hewa ya manyunyu yake. Maji ya moto yanapaswa kuhifadhiwa katika sentigredi 60 au zaidi.