Kutu Katika Magari ya Milimani: Adui Alaye Chini ya Tope

Katika vijiji vya Vugiri, juu ya tambarare za Korogwe, gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne si chombo cha anasa. Wakati wa masika barabara za udongo zipandazo Milima ya Usambara ya Magharibi huteleza, na mara nyingi gari la namna hiyo ndilo liwezalo kumteremsha mgonjwa hadi Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au kupandisha saruji, mbolea na vitabu vya shule. Likiharibika, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Injini iliyochoka huweza kufunguliwa, ikatengenezwa na kurudi kazini. Lakini chasisi iliyoliwa na kutu hukatika, na bomba la breki lililoliwa na kutu hupasuka hasa pale dereva akanyagapo breki kwa nguvu, yaani katikati ya mteremko. Wengi hudhani kwamba kutu ni uzee wa chuma, jambo lisilozuilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kutu ni tendo la kikemia lenye masharti yake, na kwamba ajuaye masharti hayo aweza kulizuia.

Chuma hurudi udongoni

Chuma hakipatikani kwa kawaida ardhini kikiwa safi. Huchimbwa kama mawe yenye oksaidi za chuma, kisha oksijeni hutenganishwa nacho kwa moto mkali wa tanuri. Tangu siku hiyo chuma hutafuta kuirudia hali yake ya kwanza. Wekundu wa udongo wa Usambara watokana na oksaidi za chuma, na kutu nayo ni oksaidi ya chuma iliyoshikamana na maji. Kwa hiyo bati la gari linapooza, linarudia ukoo wa udongo ule ule linaoukanyaga.

Safari hiyo yahitaji vitu viwili: maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, hakuna kutu. Maji si lazima yawe ya mvua, kwani unyevunyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji huweza kufanyika juu ya chuma na kazi ikaanza. Katika milima yenye ukungu, hali hiyo hutokea mara kwa mara hata siku zisizo na mvua.

Betri ndani ya tone la maji

Mwanasayansi Ulick Richardson Evans wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyefariki mwaka 1980, alionyesha jambo hili kwa jaribio ambalo maabara ya sekondari yaweza kulifanya. Chukua kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Weka juu yake tone la maji ya chumvi yaliyotiwa fenolfthalini kidogo na potasiamu ferisianidi kidogo. Baada ya dakika chache, katikati ya tone patageuka buluu, na ukingoni patakuwa na rangi ya waridi.

Buluu yaonyesha mahali ambapo chuma kinayeyuka na kuacha elektroni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Waridi yaonyesha mahali ambapo elektroni hizo hupokelewa na oksijeni pamoja na maji:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Tone hilo ni betri ndogo. Ukingoni, ambapo hewa huingia kwa urahisi, ni kathodi. Katikati, ambapo oksijeni ni haba, ni anodi, na hapo ndipo chuma huliwa. Mwanafunzi ashike jambo hili, maana ni kinyume cha tunavyotarajia: chuma huliwa zaidi mahali palipofichika na hewa kuliko mahali palipo wazi.

Sasa tuliangalie bonge la tope lililoganda ndani ya madgadi ya gari. Tope hukaa na maji kwa siku nyingi baada ya barabara kukauka. Chini yake oksijeni ni haba, na pembeni ipo tele. Ni tone la Evans lenye ukubwa wa kiganja. Chumvi nayo hurahisisha kupita kwa umeme ndani ya maji, na kwa hiyo huharakisha kazi hiyo. Gari lishukalo Tanga na kupata hewa ya bahari, au lipakialo mbolea za chumvichumvi zikamwagika sakafuni, limeongezewa adui wa pili.

Mahali pa kuchunguza

Chukueni mfano wa Land Rover za zamani. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini haifanyi kutu nyekundu, na wengi hudanganyika kwa hilo. Chasisi, fremu za milango, na ukuta utenganishao injini na abiria ni vya chuma. Tena pale alumini igusanapo na chuma penye maji, betri nyingine hufanyika, na safari hii alumini ndiyo iliwayo, ikaacha unga mweupe. Magari kama Toyota Land Cruiser yenye bodi ya chuma hayana betri hiyo ya pili, lakini bati lake lote laweza kushika kutu.

Kwa uchunguzi, sumaku na nyundo ndogo vyatosha kuanzia. Sumaku hushika chuma wala haishiki alumini. Ikishika kwa udhaifu mahali panapopaswa kuwa chuma, huenda chini ya rangi pana puti nene iliyoziba tundu. Nyundo igongwe taratibu kwenye chasisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya mfu. Tazameni hasa ndani ya madgadi, chini ya mazulia, sehemu za chini za milango, vishikio vya springi, na mabomba ya breki.

Matengenezo

Kosa lililoenea ni kupaka rangi juu ya kutu. Kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo huiinua rangi, nayo hupasuka na kuingiza maji mengine. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kazi iliyo sahihi huanza kwa kusugua hadi chuma kionekane, kwa brashi ya waya na msasa. Kutu iliyobaki katika vishimo hupakwa asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa fosfati ya chuma. Fundi avae glovu na kukinga macho. Kisha ifuate mara moja rangi ya kwanza yenye zinki, ndipo rangi ya juu. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe kwanza na kukilinda chuma.

Bati lililotoboka likatwe hadi kwenye chuma kizima, ndipo kiraka kichomelewe. Kwa chasisi, kiraka kisiwe chembamba kuliko chuma cha awali. Kabla ya kuchomelea, betri itenganishwe, na tangi la mafuta liondolewe. Mabomba ya breki yaliyoliwa hayazibwi viraka, hubadilishwa.

Kinga

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Tope lioshwe kwa maji baridi kila linapoganda, hasa sehemu za chini. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na chasisi yazibuliwe kwa kijiti. Ndani ya chasisi ipuliziwe nta au grisi iliyoyeyushwa. Pale alumini na chuma vikutanapo, uwekwe mpira au rangi nzito katikati. Oili chafu ya injini, ipendwayo na wengi, haifai: ina asidi, huharibu mipira, na hudondokea kwenye vijito vishukavyo bonde la Mto Pangani, ambako watu huchota maji.

Kazi kwa wanafunzi

Milima hii hulima chai, na chai ina tannini. Tieni msumari wenye kutu katika chai kavu iliyokolea, mwuache usiku kucha. Utageuka mweusi, kwa sababu tannini imeungana na chuma. Dawa nyingi za kugeuza kutu hutumia asidi ya tannini kwa kanuni hiyo hiyo. Na kule Njombe, kampuni ya TANWAT imekuwa ikikamua tannini kutoka magome ya miwati. Chai yenyewe ni hafifu mno kulinda gari, lakini yatosha kuonyesha njia.

Kisha wekeni misumari mitatu: mmoja ndani ya maji, wa pili ndani ya tope bichi, wa tatu ndani ya grisi. Ipimeni kwa mizani kabla ya kuanza, na tena baada ya miezi miwili mkiisha kuisugua kutu na kuifuta grisi. Matokeo yaandikwe, na wapelekewe madereva wa kijiji.