Kumzoeza Mtoto Kabla ya Kumkabidhi



Miongoni mwa mambo yatupasayo wazazi kuyajua ni kwamba mtoto hawi mtu mzima kwa siku moja, ilhali mzigo wa utu uzima humfikia kwa siku moja. Akisha kubaleghe, sala ni faradhi juu yake, saumu ni faradhi, na amali zake zaandikwa. Asiyezoezwa kitu kabla ya siku hiyo hutwikwa mtungi mkubwa, naye hajapata kujitwika hata mdogo.

Kwa ajili hiyo Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliamrisha watoto wafunzwe sala wakiwa na miaka 7, na watiwe adabu kwayo wafikapo miaka 10. Tuhesabu basi. Mwaka wetu wa Kiislamu una siku 354 au 355. Katika miaka 3 hiyo, kwa sala tano kila siku, mtoto hupata sala zaidi ya 5,300 za kujizoeza. Akija kubaleghe, sala si ngeni kwake. Na katika saumu, Imamu Bukhari amepokea ya kuwa wanawake wa Madina waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na mtoto aliliapo chakula alipewa kitu cha sufi achezee mpaka jua lichwe.

Hayo ni ya ibada. Liko na jambo la dunia ambalo wengi wetu tumelisahau, nalo ni mali. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafike umri wa kuoa, na wakiona kwao busara ndipo wawakabidhi mali yao. Angalieni, umri peke yake hautoshi. Busara sharti ionekane, nayo haionekani ila kwa kujaribiwa.

Hujaribiwaje? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Shafii, ya kuwa mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa kwa kuuza, kununua na kupatana bei. Wa mkulima kwa kilimo na matumizi ya shamba. Wa fundi kwa ufundi wao. Na mtoto wa kike kwa kazi na uangalizi wa vitu vya nyumbani. Tena jaribio lirudiwe mara mbili au zaidi, nalo lianze kabla ya baleghe.

Sisi wa Nanyamba tu wakulima, na mali yetu ni korosho. Basi mpe mwanao, wa kiume au wa kike, mikorosho miwili. Apalilie chini yake, aokote, atenge korosho na bibo, aanike juani, achambue mbovu na nzima. Zipelekwe chama cha msingi pamoja na zako, na fedha zijapo baada ya mnada, mpe zilizo zake, aandike katika daftari zilikokwenda. Akizipoteza kwa upuuzi, hasara ni ya mikorosho miwili, na somo ni la umri wote. Mwaka wa pili mjaribu tena. Akizitunza, mwongeze.

Kinyume cha hayo twakiona kila msimu. Kijana baba yake hakupata kumshikisha fedha hata za kununulia chumvi. Baba akifa, fedha za shamba zima zamfikia kwa mara moja, na kabla ya kulima tena zimekwisha, mama mjane akopa unga. Watu humlaumu kijana, nasi hatusemi hana lawama. Lakini ni nani aliyemfunza?

Wako wasemao kuwa fedha humharibu mtoto. Twawajibu ya kuwa hatukusema apewe shamba, wala auze peke yake, kwani kufunga mauzo ni kazi ya mlezi. Chuoni nako hatumpi mtoto msahafu siku ya kwanza. Huanza alifu, kisha irabu, kisha kuunganisha, ndipo Juzuu Amma. Asiyepewa alifu kwa kuogopewa kukosea, msahafu atausoma lini?

Nanyi vijana, mkikabidhiwa kidogo msikidharau. Katika hicho ndimo mnamotazamwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na watoto wetu. Amin.