Uchovu wa Wachezaji Katikati ya Msimu

Wasomaji wengi watakumbuka jinsi timu yetu ya kandanda ilivyotolewa mwaka jana katika nusu fainali ya kombe la shule za jirani. Tulifungwa mabao mawili kwa bila huko Newala, na wenzetu wale wale ambao tuliwashinda hapa Masasi mwanzoni mwa msimu. Wako waliosema kwamba tuliudharau mchezo. Mimi nilikuwa mmoja wa wachezaji, nami napenda kueleza sababu niliyoiona.

Wanne kati yetu tulikuwa tumechaguliwa kwenda Mtwara kuichezea wilaya yetu katika mashindano ya mkoa. Tulicheza mechi tano kwa siku saba. Tukarudi kwa basi usiku, na kesho yake asubuhi tukapanda mlima kwenda Newala. Kipindi cha kwanza nilikimbia kama kawaida. Kipindi cha pili mpira ulipita mbele yangu nikiuona, lakini miguu haikuitika.

Sababu yake ni hii. Misuli hutumia sukari inayotokana na vyakula kama ugali na mhogo. Mechi ya dakika 90 hupunguza sana akiba hiyo, na kuirudisha huchukua siku moja au mbili, tena kwa mtu anayekula vizuri. Zaidi ya hayo, nyuzi za misuli hupata majeraha madogo madogo yanayopona wakati wa mapumziko, hasa usingizini. Asiyepumzika huingia uwanjani na deni la mechi iliyopita. Bandu bandu humaliza gogo.

Jambo hili huwahusu hata wachezaji wakubwa. Januari 2024, ligi yetu ikiwa katikati, Taifa Stars ilikwenda Kodivaa kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilicheza na Moroko tarehe 17 na Zambia tarehe 21 mjini San Pedro, ulio pwani, kisha ikasafiri mpaka Korhogo, kaskazini ya nchi, kucheza na Kongo tarehe 24. Hizo ni mechi tatu kwa siku nane, pamoja na safari.

Lakini tusidhani kwamba kila aendaye hurudi ameharibika. Stephane Aziz Ki wa Yanga aliichezea Burkina Faso katika mashindano hayo hayo, akarudi, na mwisho wa msimu akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 21, na Yanga ikatwaa ubingwa. Klabu kubwa ina daktari, ina chakula bora, na ina wachezaji wengi wa kupokezana. Sisi hatuna vyote hivyo, lakini mapumziko hayanunuliwi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wawape siku mbili wanaorudi kutoka mkoani, na wachezaji wa akiba wazoezwe mapema. Wazazi nao wasiwapeleke shambani siku hiyo hiyo.

Nasi wachezaji tuseme kweli. Asubuhi ile mwalimu aliniuliza kama naweza kucheza. Nilijibu, "Naweza, mwalimu," kwa kuogopa kuachwa nje. Mwenzangu aliyefanya mazoezi wiki nzima alikaa pembeni akitutazama tukifungwa.